Elimungojo: Ainisho la Awali la Kungoja katika Nyanda za Juu za Ufipa

1. Usuli wa tatizo

Wataalamu wamekwisha kupima karibu kila kitu kilichopo Sumbawanga. Watu wa hali ya hewa wamepima baridi ya Juni, watu wa kilimo wamepima udongo, watu wa barabara wamepima lami ya Tunduma, na watu wa sensa wametuhesabu sisi wenyewe. Kimesahauliwa kitu kimoja tu, nacho kinamla mkazi wa kawaida muda kuliko shughuli nyingine yoyote: kungoja. Hakina idara, hakina kasma kwenye bajeti, wala hakionekani kwenye taarifa ya robo mwaka.

Mwandishi wa makala hii ni mtu wa TEHAMA. Kwa mujibu wa mkataba, kazi yake ni kuhakikisha mifumo inafanya kazi. Kwa mujibu wa wananchi, kazi yake ni kutoka chumba cha nyuma na kutangaza kwamba haifanyi. Kukaa hapo katikati, huku kompyuta inayongojwa, kule benchi linalongoja, ndiko kunakompa ujasiri wa kuanzisha taaluma hii. Watakaokuja baadaye wataisahihisha, wakipata muda.

2. Mapitio ya maandiko

Wahenga walilishughulikia suala hili kwa kina lakini hawakukubaliana. Shule ya kwanza inafundisha kwamba subira huvuta heri, mvumilivu hula mbivu, na haraka haraka haina baraka. Shule ya pili inashikilia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Uchunguzi wetu unaonyesha kwamba mgogoro huu wa kale unatokana na dirisha. Aliye ndani ya dirisha hunukuu shule ya kwanza, aliye nje hunukuu ya pili. Mtu mmoja anaweza kuhama shule mara mbili kwa siku moja: asubuhi anawahudumia watu ofisini kwake, mchana anapanga foleni kwenye ofisi ya mwenzake.

Ughaibuni, mwaka 1909, mhandisi wa Denmark aitwaye Agner Krarup Erlang, wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu za namna simu zinavyoingia kituoni, na humo ikazaliwa nadharia ya foleni. Mwaka 1961 Mmarekani John Little akathibitisha kanuni fupi: idadi ya watu waliomo ukumbini ni kasi ya wanaoingia mara muda anaokaa kila mmoja. Wakiingia watu 20 kwa saa na kila mmoja akakaa saa 3, ukumbi una watu 60. Benchi la kawaida la ofisi linabeba 8. Little hakueleza wale 52 wakae wapi. Sumbawanga imelijaza pengo hilo la kitaaluma: nje, ukutani, upande wa jua.

Kuna kanuni nyingine ambayo ingefaa ibandikwe kwenye kila chumba cha mikutano. Kwenye dirisha moja, ambako watu huja bila mpangilio na muda wa kumhudumia kila mmoja nao hautabiriki, karani akishughulika asilimia 50 ya muda wake, kwa wastani dirishani pana mtu 1. Akishughulika asilimia 90, pana watu 9. Akishughulika asilimia 99, pana watu 99. Kwa hiyo kiongozi anayeagiza kwamba mtumishi asionekane amekaa bure hata dakika moja anaagiza foleni, hata kama nia yake ni kuifuta.

3. Ainisho

*Aina ya kwanza: kungoja mfumo.* Haki itendeke kwanza. Malipo ya Serikali yanapita MUSE, ununuzi umehamia NeST tangu 2023, na vituo vya afya vingi vina GoTHoMIS. Anayekumbuka enzi za jalada la karatasi, ambapo mtu alipanda kutoka Wampembe hadi Namanyere kuulizia faili akaambiwa limekwenda kwa bosi kusainiwa, hawezi kuzitamani. Jambo lililokuwa likichukua wiki sasa linakwisha kwa dakika, ilimradi mfumo umefunguka.

Usipofunguka, kungoja hugawanyika mara mbili. Kuna *kungoja chini kabisa*, ambapo skrini inakiri kwamba mawasiliano hakuna. Huku hakuna madhara makubwa: watu husonya, husalimiana na kwenda zao sokoni. Na kuna *kungoja kiduara*, ambapo alama ya mviringo inazunguka katikati ya skrini. Hii ndiyo hatari, maana hakuna anayethubutu kuondoka.

Mzee mmoja aliyetoka Laela kufuatilia stahili zake aliinama dirishani, akakitazama kiduara cha mfumo mmoja nisioutaja, akakitazama tena, kisha akauliza:

"Kijana wangu, hicho kinachozunguka kinakwenda wapi?"

"Hakiendi popote, mzee. Kinaonyesha tu kwamba mfumo unafanya kazi."

"Kama unafanya kazi, mbona kinarudi palepale?"

Swali hilo lilikwisha kupata jibu la kitafiti. Mwaka 1985 Brad Myers alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watumiaji wa kompyuta wanapenda zaidi kuonyeshwa mstari unaojaa taratibu, ukitaja asilimia ya kazi iliyokwisha, kuliko kuachwa gizani. Sababu ya kiduara kuendelea kutawala ni moja, na kila mtengeneza programu anaijua: kuchora mstari wa asilimia kunamlazimu ajue kazi imefika wapi, lakini kuchora kiduara hakuhitaji kujua lolote. Msomaji alishike jambo hili, maana viduara tutakutana navyo hata mahali pasipo na kompyuta.

*Aina ya pili: kungoja mgeni rasmi.* Kizio cha aina hii ni *kadi*, yaani tofauti kati ya saa iliyochapwa kwenye kadi ya mwaliko na saa king'ora kinaposikika. Kadi si kizio thabiti kama mita, kwa sababu hukua kwa cheo cha anayengojwa na kupungua kwa cheo cha anayengoja. Wanafunzi hupangwa mstari jua likichomoza, wangali na masweta. Baada yao hufika vikundi vya ngoma, kisha wananchi, kisha watumishi, kisha wakuu wa idara. Mtu wa TEHAMA ni kundi la pekee: hufika pamoja na wanafunzi ili kufunga projekta na spika, na huondoka baada ya kila mtu.

Hapa ndipo tunapokutana na mshereheshaji, aliyegundua mstari wa asilimia bila kumsoma Myers. "Mgeni wetu ameshapita Tunduma!" Makofi. "Ameshafika Laela!" Vigelegele. Kwa mkazi anayeijua barabara, Laela ni tarakimu kamili: bado kuna nafasi ya ngoma tatu na shairi. Tatizo ni kwamba mgeni huyohuyo huweza kufika Laela mara mbili au tatu kabla ya adhuhuri.

Zipo kadi za miaka. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa 1974, na ikabidi ungoje hadi Februari 2008 kumpata Waziri Mkuu aliyezaliwa ndani ya mipaka yake, Mizengo Pinda, mtoto wa mkulima kutoka upande wa Mpanda. Mwaka 2012 Mkoa wa Katavi ukamegwa kutoka Rukwa, na Mpanda ikaenda huko. Yaani mkoa ulimngoja kwa miaka 34, ukakaa naye 4, kisha mpaka ukahama, mwenyewe akiwa bado madarakani.

Na viko viduara vya kiongozi. "Mchakato unaendelea." "Suala lipo hatua za mwisho." "Serikali imelichukua." Kila moja ya kauli hizi inazunguka vizuri, inapendeza macho, na inarudi palepale.

*Aina ya tatu: kungoja chombo.* Zamani safari ya Tunduma ilipimwa kwa vumbi wakati wa kiangazi na kwa majembe wakati wa masika. Mwaka 2008 Tanzania na Marekani zilitia saini mkataba wa Changamoto za Milenia, na barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ikawa miongoni mwa zilizowekewa lami. Lami ilifupisha mwendo. Kungoja hakukufupishwa, kulihamishwa tu: sasa kuko stendi, ambako injini inaunguruma, kondakta anaapa kwamba gari linaondoka sasa hivi, na viti vitatu vya nyuma bado vitupu; na kuko Tunduma, nyuma ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde.

Ushahidi mzito zaidi wa aina hii uko Ziwa Tanganyika. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye makasha hadi Dar es Salaam na kusafirishwa hadi Kigoma kuunganishwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nzito. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Katika kumbukumbu zote tulizozipitia, hili ndilo tukio pekee ambapo anayemngojesha mwenzake alimwandaa kwanza. Kwa miongo mingi watu wa Kasanga waliisikilizia honi yake usiku, na miaka ya karibuni ikawa zamu ya meli yenyewe kungoja matengenezo huko Kigoma.

*Aina ya nne: kungoja nyumbani.* Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga umekuwa ukinunuliwa Zambia, kwa hiyo giza letu lilikuwa na hadhi ya kimataifa. Ufumbuzi ni mradi wa TAZA, njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga. Nguzo zake zinaonekana kwa macho, na nguzo, kwa lugha ya taaluma yetu, ni mstari wa asilimia ulio bora kuliko hotuba.

Chini ya aina hii inaingia LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mwaka 2024 jirani yangu aliniita jioni: "Mwanangu wewe wa kompyuta, nimenunua umeme wa elfu tano nimeletewa namba 60. Nimekosea wapi?" Mama hakuwa amekosea. Tarakimu 20 za LUKU zilibeba ndani yake muhuri wa wakati, uliohesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993, kwenye nafasi inayobeba dakika 16,777,216 tu. Nafasi hiyo ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024, kote duniani mita za mfumo huo zinakotumika. Ndiyo maana wateja waliingiza mafungu matatu ya tarakimu, mawili ya kuiandaa mita na la tatu la umeme wenyewe. Tuliziingiza kwa tochi ya simu, mimi nikisoma, yeye akibonyeza, na tulipomaliza taa ikawaka. Tukio hili lina thamani kubwa kwa elimungojo: miaka karibu 32 ya kungoja ilikuwa na tarehe ya mwisho inayojulikana, ikatangazwa mapema, watu wakajiandaa.

*Aina ya tano: kungoja kunakozaa.* Aina hii ndiyo kongwe kuliko zote, na ndiyo inayotuaibisha. Mfipa wa zamani alikuwa bingwa wa kungoja, lakini hakungoja bure. Mvua zikiwa bado zinanyesha alikwangua nyasi pamoja na udongo, akazipindua na kuzirundika kuwa vichuguu vya *intumba*, mara nyingi akipanda maharage juu yake. Nyasi zikaoza ndani zenyewe. Msimu uliofuata alivisambaza, shamba likawa limejipatia mbolea bila duka la pembejeo wala foleni ya ruzuku.

Wahunzi wake walikwenda mbali zaidi. Walijenga *ilungu*, tanuru la udongo refu kupita kimo cha mtu, lenye matundu chini kuzunguka kitako chake. Wakalijaza mkaa na mawe ya chuma, wakaliwasha, na hewa ikajivuta yenyewe kwa urefu wa lile tanuru, bila mtu kushika mivukuto. Moto ulifanya kazi kwa siku kadhaa huku watu wakingoja. Mivukuto ilihitajika baadaye, kwenye tanuru dogo la kusafishia chuma. Mhandisi wa leo akipewa kazi ya kutengeneza mtambo unaojiendesha, hana budi kumwamkia mhunzi huyu shikamoo.

4. Mjadala

Tukilinganisha aina zote tano, muda wenyewe unaonekana si kipimo kizuri cha mateso. Intumba ilichukua miezi na hakuna aliyelalamika. Kiduara kinachukua dakika kumi na mtu anazeeka. Tofauti ni mbili: kwanza, kama kuna kitu kinachoendelea kweli huku unangoja, na pili, kama unajua kitakwisha lini. Anayejua yote mawili anafanya kazi, hata akiwa amekaa. Asiyejua hata moja anatumikia cheo cha mtu mwingine.

Hapo tunafikia hukumu yetu ya kitaalamu: saa ni mali ya mkubwa. Daktari, bosi, mgeni rasmi na seva wanajua, au wangeweza kujua, kazi imefika wapi. Mzee wa Laela hajui. Teknolojia tuliyoileta kwa mbwembwe imempunguzia safari, na hilo si dogo, lakini haijamgawia saa.

5. Mapendekezo

Tunapendekeza mambo matatu, na hakuna linalohitaji mfadhili. Moja, kila ofisi yenye benchi ibandike ukutani karatasi yenye saa: mfumo umekatika saa ngapi, tumetoa taarifa kwa nani, tutawapa jibu lini. Mbili, kadi ya mwaliko ibebe saa ya kweli ya mgeni, na watoto wa shule wafike baada ya wakuu wa idara. Tatu, kiongozi atakayesema mchakato unaendelea aulizwe papo hapo, kwa heshima zote: asilimia ngapi, mheshimiwa?

Na ofisa ambaye hajui jibu, aseme hajui. Watu wataelewa. Watakwenda zao shambani, na mahindi hayatawauliza kwa nini wamechelewa, wakiwahi kuondoka.