Tunaomba Hesabu: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ulinzi

Mwananchi,
Machakos.

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi,
Ulinzi House,
Nairobi.

KUH: OMBI LA KUIKOPESHA WIZARA WATU WANAOJUA KUHESABU

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Machakos, kaunti isiyochelewa kukuletea vijana. Kila mnapotangaza nafasi za makurutu, wetu huwa wameshapanga foleni kabla jua halijachomoza, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Wametoka Mwala, Kathiani, Masii na Matungulu, na wengine wamelala kwa jamaa mjini ili wasipitwe.

Hapo ndipo sisi hustaajabia ustadi wa watu wako. Kijana huvuliwa shati akapimwa kimo. Asipofika mita 1.60 anarudi kwao. Hupandishwa kwenye mizani. Asipofikisha kilo 54.55 anarudi kwao. Ziangalie hizo pointi, Mheshimiwa. Si kilo 54, wala si 55. Hukaguliwa nyayo kama ni bapa, huambiwa apanue kinywa, na afisa huyachungulia meno yake asije akaliingiza jeshini pengo lisilo na kibali. Umri uwe kati ya miaka 18 na 26, na vyeti viwe vile vile alivyopewa, si nakala. Mzazi anayetazama kutoka pembeni huenda nyumbani ametulia: mwanawe amekabidhiwa watu wanaojua kuhesabu.

Utulivu huo ndio uliotuponza.

Ijumaa tarehe 15 Januari 2016, kabla ya mapambazuko, Al-Shabaab walivamia kambi ya wanajeshi wetu huko El Adde, eneo la Gedo nchini Somalia, walikokuwa wakitumikia kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Siku chache baadaye Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Samson Mwathethe, alilieleza taifa kwamba bomu lililotumika lilikuwa na nguvu mara tatu ya lile lililoulipua ubalozi wa Marekani, Nairobi, mwaka 1998. Tarehe 27 Januari marais watatu, Uhuru Kenyatta wetu, Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia na Muhammadu Buhari wa Nigeria, walikutana Moi Barracks, Eldoret, kuomboleza. Basi tukapewa hesabu ya bomu: mara tatu. Tukapewa hesabu ya marais: watatu. Hesabu ya wanajeshi ndiyo iliyokosekana, na mpaka leo Wizara haijaitangaza hadharani.

Kwa kuwa nyinyi mlikuwa mmenyamaza, wengine walijitolea kuhesabu kwa niaba yetu. Al-Shabaab walitoa kanda wakidai wameua zaidi ya 100. CNN ikaripoti 141. Mwezi wa Februari, Rais wa Somalia, yule yule aliyekuwa mgeni wetu Eldoret, alisema kwenye televisheni kwamba waliouawa ni 180 au karibu 200. Jeshi likakanusha upesi, bila kutaja idadi yake. Mwanafunzi akimwambia mwalimu kuwa jibu la mwenzake si sahihi, huulizwa la kwake liko wapi. Nyinyi hamkuulizwa. Tena siku chache tu baada ya shambulio lile, mwandishi wa habari aliyeandika mtandaoni kulihusu alikuwa amekamatwa, nasi tukaelewa kwamba kuhesabu maiti za Wakenya ni kazi inayoruhusiwa kwa adui, kwa rais jirani na kwa televisheni ya ng'ambo, ila si kwa Mkenya.

Nisije nikaonekana mlalamishi, naomba tumfikirie kijana mmoja tu. Simtaji jina, kwa maana ni wa kubuni. Tumtoe popote katika vilima vyetu. Ana miaka 23. Amemaliza mafunzo Eldoret, ametuma mshahara wa kwanza nyumbani, mama amenunua mabati, na shamba lina alama mahali ambapo nyumba yake itajengwa. Kisha anapelekwa Somalia. Asubuhi moja simu yake inaita haipokelewi, na kesho yake haiiti kabisa. Kwenye orodha ya waliorudi hayumo. Kwenye majeneza hayumo. Hakuna aliyemwona akikamatwa, wala aliyemwona akianguka.

Kwa mujibu wa makaratasi, kijana huyo sasa ni tabu kubwa kuliko aliyekufa. Aliyekufa ana kibali cha mazishi, ana cheti cha kifo, na kwa cheti hicho mambo mengine hufuata: barua ya chifu, kesi ya mirathi, akaunti ya benki, malipo ya uzeeni. Aliyetoweka hana hata kimoja. Mkewe si mjane, na mume hana. Ndugu hawathubutu kugusa kipande chake cha shamba, kwa maana atakayekilima ataonekana amemwombea kifo. Mchungaji ameombwa aombe, naye hajui aombee kurudi kwake au kupumzika kwake, kwa hiyo anaomba kwa maneno ya jumla na kila mtu anaitikia amina akiwa na maana yake.

Sheria, kwa huruma yake, imeweka mlango. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinasema mtu asiposikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kusikia habari zake, huchukuliwa kuwa amekufa, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Kwa waliotoweka El Adde, miaka hiyo ilitimia Januari 2023. Sasa utazame utaratibu ulivyo mzuri, Mheshimiwa. Serikali ndiyo iliyompima, ikampa nambari ya jeshi, ikampandisha lori, ikajua kambi aliyolala na bunduki aliyopewa. Lakini anayetakiwa kusimama mbele ya hakimu athibitishe kwamba hajasikia habari za kijana ni mama yake. Mama hakumpeleka Gedo. Mama hata Garissa hajafika. Ila ushahidi ni wake.

Najua utaniambia historia. Vita hupoteza watu tangu zamani, na Machakos tunalijua hilo kuliko wengi. John Ainsworth, aliyekuwa msimamizi wa kituo cha Waingereza hapa hapa Machakos tangu mwaka 1892, ndiye aliyepewa mwaka 1917 kazi ya kukusanya wachukuzi wa kubebea jeshi mizigo katika vita dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika. Ukambani tulikombwa. Wanahistoria wanakadiria kwamba wachukuzi wa Kenya waliokufa ni zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Wachache walirudi na kitu cha maana: Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi na ufundi wa kuchonga aliojifunza huko Tanganyika, na vinyago vya Wamunyu vikaenda duniani kote. Wengi hawakurudi na chochote, kwa kuwa hawakurudi. Jina la kikosi chao, kwa matamshi ya Kiswahili, likabaki kwenye soko la Kariokor pale Nairobi, jina moja kwa wote, na makaburi yao mengi yakaachwa yamee nyasi.

Wakoloni wale siwasifu hata kidogo. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tarehe 12 Februari 1944, meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa torpido na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache tu. Watu 1,297 walikufa, wakiwemo mamia ya vijana wa Afrika Mashariki wa kikosi cha mizinga. Hakuna mwili uliorudi, hakuna shahidi wa kila kifo, na bahari haitoi risiti. Hata hivyo, nenda Barabara ya Ngong, kwenye makaburi ya vita ya Nairobi. Pale pana ukumbusho wa wanajeshi wasio na kaburi linalojulikana, na juu yake pana majina ya zaidi ya 600 wa kikosi kile, yamechongwa moja moja. Kutoka ofisini kwako si safari ya kubeba chakula.

Na hata wale wachukuzi wa 1917, Mheshimiwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba kati ya watu 116,000 na 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akasimama bungeni, tarehe 22 Aprili, akaomba radhi. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja. Hapo ndipo ninapoingiwa na wasiwasi kwamba Wizara yetu huenda imeuchukua muda huo kuwa ratiba.

Sasa nijibu hoja zako kabla hujaziandika. Utasema kwamba idadi ni siri ya usalama, na kwamba ukiitaja utampa adui furaha. Adui, Mheshimiwa, alikuwepo. Alipiga picha. Ikiwa kuna mtu mmoja duniani ambaye hesabu ya El Adde si siri kwake, ni yeye. Siri hiyo inafichwa kwa mama wa Mwala peke yake. Utasema pia kwamba jamaa waliarifiwa mmoja mmoja, faraghani, kwa heshima. Vyema. Lakini faraghani kila familia inajua msiba wake tu, na taifa halijui lake. Bunge likiidhinisha wanajeshi kuvuka mpaka tena, litapimia wapi gharama? Mwananchi anayeulizwa kama vita viendelee, ajibu kwa nambari gani? Mficha maradhi kifo humuumbua, na aliyeficha vifo vyenyewe sijui ataumbuliwa na nini.

Wala usiseme sheria inakufunga mikono. Katiba ya 2010, ibara ya 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ilitiwa sahihi mwaka huo huo wa El Adde, 2016. Kifungu cha 6 kinaruhusu kuzuia habari za usalama wa taifa, ni kweli. Lakini kifungu hicho hicho kinachukulia kwamba habari iliyokaa zaidi ya miaka 30 haifichiki tena. Nimepiga hesabu, maana huku Machakos tunazo kalamu: kwa mpango huo, mama aliyekuwa na miaka 50 siku ya shambulio atakuwa na haki ya kuambiwa akiwa na miaka 80. Tunakushukuru kwa kumpa sababu ya kuishi.

Ndiyo maana naandika kuomba ruhusa ya kuwasaidia. Kama shida ni upungufu wa makarani, sisi tunao. Kila kijiji hapa kina mwethya, kikundi cha akina mama walioyachimba matuta ya milima hii kwa jembe. Kila mwethya ina katibu mwenye daftari la kurasa 96. Asiyefika zamu ya kuchimba huandikwa. Akiwa mgonjwa, huandikwa mgonjwa. Akiwa amefiwa, huandikwa amefiwa, na kikundi kinakwenda kwake. Hakuna mwanachama anayepotea katikati ya kurasa. Tunaweza kumtuma katibu mmoja Nairobi kwa basi la asubuhi, nauli tutachanga. Ataketi na watu wako, atauliza jina, atauliza alionekana lini mara ya mwisho na nani alimwona, ataandika. Jioni atakuwa amemaliza na atataka kurudi, kwa maana kesho ni zamu ya shamba lingine.

Akija, atataka mambo machache, na nayaandika hapa ili usiseme hukuarifiwa. Kwanza, idadi ya waliokufa El Adde, na idadi kamili ya waliokufa Kulbiyow, kambi yetu nyingine nchini Somalia iliyovamiwa tarehe 27 Januari 2017, itangazwe na Wizara yenyewe. Pili, waliotoweka watengwe na waliokufa, kila mmoja kwa jina ikiwa jamaa zake wameridhia, na kila familia ielezwe yaliyofanywa kumtafuta: ni miili mingapi iliyopimwa vinasaba, nani aliulizwa, msako ulisimama lini na kwa amri ya nani. Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, katika ibara ya 32, inaitambua haki ya familia kujua yaliyompata jamaa yao; hatuombi fadhila. Tatu, Wizara ndiyo iende mahakamani kuomba kijana atambuliwe kuwa amekufa, na mama apewe kiti cha kusikiliza tu. Nne, kila tarehe 14 Oktoba, Siku ya KDF, mbali na gwaride, majina yasomwe. Yakiwa mengi mno kwa sherehe moja, basi hiyo nayo ni habari ambayo taifa linahitaji kuipata.

Tukijibiwa, tutaendelea kuleta vijana, maana hakuna aliyesema hatutaki nchi ilindwe. Tusipojibiwa pia tutawaleta, na hilo mnalijua. Ajira ni chache. Safari hii, hata hivyo, katibu wa mwethya atakuwa langoni na daftari, na kila mtakayemchukua ataandikwa upande wetu vilevile. Mkirudisha pungufu, mtaulizwa kwa jina.

Wako mtiifu,
Mwananchi wa Machakos.

Nakala kwa:
Ikulu ya Somalia, Mogadishu, ili walinganishe na hesabu yao.