Jinsi ya Kujificha Nyuma ya Ruta

Ndugu yangu wa Kuluva, hongera. Umefunga waifai nyumbani, na fundi kutoka Arua mjini amekuapia kwamba NAT inakulinda. Usimuulize inakulindaje. Fuata hatua hizi.

Kwanza, kariri namba hii: 192.168. Itaje mbele ya wageni kutoka Koboko, watajua umesoma. Mara nyingi ndivyo zinavyoanza anwani za simu zako huko ndani, na ruta huzibadilisha zote kuwa anwani moja ya nje; hiyo ndiyo NAT. Usiwaambie kwamba mpango huu uliandikwa mwaka 1994 kwa kuogopa anwani za intaneti, kama bilioni 4.3, zisije zikaisha. Waandishi wake, Egevang na Francis, walikubali kwamba kuficha mashine kuna faida ya faragha, kisha wakaiweka sifa hiyo upande wa kasoro. Hilo lipitie kimya kimya.

Pili, ukishajificha, ingia Gmail kwa jina lako kamili. Ingia na TikTok, kisha washa ramani ikupeleke hadi Hospitali ya Kuluva. Ruta imebadilisha anwani juu ya bahasha tu. Barua ndani haikuiona, nawe umeitia sahihi. Vidakuzi ambavyo tovuti huacha kwenye simu yako vitakukumbuka hata ukihamia waifai ya shemeji. Usijisumbue kuvifuta. Nani hapendi kukumbukwa?

Tatu, acha UPnP ikiwaka. Kamera yako ya getini itaitumia kuiomba ruta ifungue njia kutoka nje, nayo itafungua bila kukubughudhi. Nywila ya kamera iache kama ilivyotoka kiwandani.

Nne, ukitumia data ya simu, jipe moyo: mko wengi nyuma ya anwani moja ya mtoa huduma. Kwa anwani hiyo pekee, yeye tu ndiye anayeweza kuwatofautisha, na laini uliisajili kwake kwa kitambulisho cha taifa.

Tano, pakua VPN ya bure, programu ya kupitisha mawasiliano yako kwa mtu mwingine. Facebook ilipofungwa Uganda Januari 2021, wengi tulizoea kuzipakua bila kumwuliza mtu. Tafuta ambayo mwenyewe hajulikani. Zamani mtoa huduma ndiye aliyeona unakotembelea. Sasa ataona huyo, na ofisi yake huijui.

Fundi akirudi kukuomba nywila ya ruta, usimnyime. Ni ileile ya kiwandani, anayo tayari.