Mgeni wa Gavana

Kama nyumbani kwako kuna mama mkwe, shemeji na watoto wanaosoma shule, utanielewa bila maelezo marefu. Sisi tunakaa Baraka, upande wa chini, mahali ambapo zamani palikuwa na nyumba mbili tatu kati yetu na ziwa. Siku hizi hazipo. Maji ya Tanganyika yalipanda, yakapanda tena, na mwaka 2024 yakaingia kwenye maparsele ya watu Uvira, hapa kwetu Baraka, hadi Kalemie. Ziwa lote hili kubwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, basi mvua ikizidi maji hayana haraka ya kuondoka. Majirani walihama. Sisi tulibaki kwa sababu Gavana hakutaka kuhama.

Gavana ni mama mkwe. Jina alipewa na shemeji yangu, mwana wa tumbo lake mwenyewe, na sasa hata wajukuu wanalitumia akiwa mbali. Kwa heshima zetu, mwanamume habishani uso kwa uso na mama aliyemzalia mke, kwa hiyo amri zake zinanifikia kwa kinywa cha Mama Furaha, mke wangu, hata kama mzee yuko nyuma ya pazia na nimeshasikia kila neno. Yeye anasema, "Mwambie mumeo." Mama Furaha ananigeukia, "Mama anasema." Mimi naitika. Nyumba yetu inatawaliwa hivyo miaka yote, na inatawaliwa vizuri.

Sasa, kati ya nyumba na maji Gavana alikuwa na shamba lake: lengalenga, matembele, mahindi, na kipande cha mpunga pale penye tope. Shamba hilo ndilo linalotulisha ndagala zikipanda bei. Usiku mmoja shemeji, tunayemwita Redio kwa kuwa hafungi matangazo hata usiku wa manane, alikuja kugonga dirisha letu. "Shemeji, kuna mtu anavuna." Tulisikiliza. Kweli, kulikuwa na mtu anavuna, lakini alikuwa anavuna kwa mdomo, na pumzi yake ilisikika mpaka kitandani.

Asubuhi matembele yalikuwa yamenyolewa. Mahindi yamelala chini, mpunga umekanyagwa, na kwenye tope kuna nyayo za vidole vinne vinne, kila moja pana kama sahani ya bugali. Migomba nayo ilikuwa imerushiwa mavi mpaka juu, maana kiboko dume hutia alama njia yake kwa kutawanya mavi kwa mkia. Gavana alisimama mikono kiunoni, hakusema kitu, na mimi nilijua siku hiyo sitakwenda kazini.

Kikao kilianza kabla ya chai. Mwanangu wa pili, Profesa, akachukua nafasi yake. Mtoto huyu akisoma jambo ni lazima nyumba nzima ilisome. Akatueleza kwamba kiboko anakula majani kama kilo 40 kwa usiku mmoja, kwamba anaweza kutembea kilomita kadhaa kuyatafuta, na kwamba mchana anakaa majini kwa sababu ngozi yake hukauka na kupasuka juani. Akaongeza habari ya lile jasho jekundu ambalo watu hudhani ni damu: mwaka 2004 wataalamu wa Japani walionyesha kuwa rangi yake humkinga na jua na kuzuia vijidudu. Gavana alisikiliza yote kwa makini, kisha akauliza kama kwenye kitabu wameandika nani atalipa matembele. Kasuku, kitinda mimba wetu, yeye alikuwa ameshampa mgeni jina. Tonton. Mpaka leo watoto wanaaga kabla ya kulala: lala salama mama, lala salama baba, lala salama Tonton.

Kila mtu akaja na dawa yake. Redio alitaka tupige mabidoni na masufuria usiku kucha. Tulipiga. Tonton alirudi majini taratibu, na sufuria mbili za Mama Furaha hazijarudi katika hali yake mpaka sasa. Hilo Redio bado anaulizwa kila siku ya kupika sombe. Vijana wa mtaani walikuwa na shauri jingine: atafutwe mwenye bunduki, tugawane nyama. Mnyama mwenye tani moja na nusu au zaidi analisha kartie nzima, walisema, na baadhi ya majirani tayari walikuwa wanaulizia chumvi.

Hapo naomba uniruhusu nitoke kidogo nje ya parsele yetu, kwa sababu jambo hili linaniuma.

Kule kwenye hifadhi ya Virunga, kando ya Ziwa Edward, miaka ya 1970 kulikuwa na viboko karibu 30,000. Hakuna mahali duniani palipokuwa na viboko wengi kuliko hapo. Vita vikaja, bunduki zikazagaa, nyama ikauzwa sokoni na meno yakauzwa nje, na kufikia 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Mwaka 2006 kiboko akaingizwa kwenye orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini, na sababu kubwa ilikuwa ni sisi, Kongo. Kumbuka kiboko anakula nchi kavu na kunya majini. Kila usiku anabeba mbolea ya majani na kuipeleka kwa samaki. Wavuvi wa Ziwa Edward walipoona nyavu zinarudi nyepesi, wengi wao walikumbuka makundi yaliyokuwa yakinguruma pale ufukweni. Jike naye anabeba mimba miezi minane na kuzaa mtoto mmoja. Nyama ya siku mbili inachukua miaka mingi kurudi.

Turudi kwenye kikao kile. Profesa, akiwa bado amesimama, akauliza tembo wa kwetu Fizi wako wapi. Wabelgiji waliweka hifadhi ya uwindaji kule Luama, alisema, basi tembo walikuwepo. Nyumba ikatulia. Gavana ndiye aliyejibu, kwa kuwa marehemu mume wake alikuwa mmoja wa waliojua habari hiyo. Miaka ya maquis ya Mzee Kabila, alipopigana vita vya msituni huku kwetu, tangu 1967 na kuendelea, pembe zilishuka kutoka milimani pamoja na dhahabu, zikavuka ziwa usiku kwenda Kigoma. Yeye alipokuwa msichana alisikia tembo. Binti yake alisikia habari za tembo. Wajukuu wake wanawaona kwenye kitabu. Milima ya Kabobo bado ina sokwe, na tangu 2016 ina hifadhi yake upande wa jimbo la Tanganyika, ikipakana na ile ya Ngandja upande wetu. Wanyama walio bondeni na ziwani, kama Tonton, wanatutegemea sisi tunaolala jirani nao. Sheria ya kulinda viumbe ipo, ya Februari 2014, lakini usiku wa manane mbele ya matembele yaliyoliwa sheria iko mbali sana. Aliye karibu ni Gavana.

Na Gavana akakata neno: hakuna bunduki. Ila pia hataki kuona mjukuu wake akipondwa. Hapo simlaumu mtu anayeogopa. Kiboko anaua watu, hasa yule anayekutwa amesimama kati yake na maji, alfajiri mvuvi anaposukuma mtumbwi au magharibi msichana anapochota. Kuanzia siku hiyo Furaha, binti yetu mkubwa, hachoti ziwani kabla jua halijapanda, na anayetaka kuoga ziwani jioni anaoga nyumbani kwa ndoo, hata akiwa shemeji. Redio alilalamika wiki nzima.

Kisha likaja la mtaro. Kiboko ana miguu mifupi na tumbo zito. Kuruka hawezi, na ukuta mfupi wa mawe au mtaro wenye kingo za wima humzuia. Redio alisikia hayo kwa Profesa na akaanza kuchimba siku ileile, kwa moyo wote, mpaka mgongo ukamgomea. Lakini upande wetu ukichimba hatua moja maji yanakukuta. Mtaro ukajaa. Mbuzi wa Mama Furaha akatumbukia, akatolewa kwa kamba na watu wanne. Watoto wakaleta ndoano, wakakaa kungoja kambare. Gavana alipoona tope zuri namna ile, nikasikia, "Mama anasema upanuliwe, apande magimbi." Ukapanuliwa, kingo zikalazwa ili mzee ashuke bila taabu, magimbi yakapandwa. Siku si nyingi baadaye, asubuhi, tukamkuta Tonton amelala humo humo, katikati ya magimbi, masikio tu yanachezacheza. Alingoja jua lichomoze vizuri ndipo akaondoka. Sote tulikuwa tumejifungia ndani tukichungulia dirishani, na Kasuku alilia kwa kuwa hakuruhusiwa kumsalimia.

Siku hiyo mama mkwe alituita wote. Akasema kwao, upande wa Ubwari, wazee walijua njia za viboko kama wanavyojua njia ya kanisa. Waliacha majani kando ya maji, walilima pembeni, na mtu aliyelima juu ya njia hakuhurumiwa na yeyote. Ziwa limepanda, majani ya ufukweni yamezama, na tunapopalilia sasa ndipo mnyama anapopita kutafuta chakula. Basi ile sehemu ya chini iachwe, majani yaote. Shamba lihamie juu, nyuma ya nyumba, na pale kwenye udongo mkavu uchimbwe mtaro wa kweli, kingo wima, na miiba juu yake.

Nyuma ya nyumba ndipo penye mwembe, na chini ya mwembe ndipo penye kiti changu na redio yangu ndogo ya saa kumi na mbili jioni. Mama Furaha aliniangalia kwa huruma. "Mama anasema kivuli hakifai kwa lengalenga, matawi ya upande ule yakatwe." Nimeyakata mwenyewe.

Tonton bado anakuja. Anakula majani yake chini, anarudi. Ameshakuja mara mbili mpaka kwenye miiba, akasimama, akageuka. Habari imeenea kwa sababu tunaye Redio, na sasa akina mama wa nyumba za ufukweni wanakuja kumuuliza Gavana njia ilipita wapi zamani, kabla ya parsele kuuzwa hadi majini. Jumapili hii wanakutana kwetu na chifu wa kartie, wamwombe ukanda ule usilimwe wala kujengwa. Viti havitoshi. Nimeambiwa changu kimeshahesabiwa, na kwamba nianze kukusanya vya majirani.