Sifa za Barua ya Deni la Mtalaka Wangu

Wako waliosifu waridi, wako waliosifu mwezi wa usiku wa kumi na nne ung'aapo juu ya bahari, na wako waliowatungia tenzi majemadari na masultani. Lakini sijapata kumwona aliyeshika kalamu akaisifu barua ya deni, seuze barua ya deni iliyoandikwa kwa jina la mume aliyekwisha kwenda zake. Dhuluma hiyo nataka kuiondoa leo, kwa kuwa huu ni mwaka wa nne tangu mtalaka wangu afunge mizigo yake, na katika yote yaliyokuwa yake hakuna lililodumu nami kwa uaminifu ila barua za wanaomdai.

Nilipotalikiwa, mawifi walinipa kisogo, mashoga wa kula pilau ya Idi wakapungua, hata paka akamfuata bwana kwa ajili ya vichwa vya samaki. Barua haikuhama. Eda yangu ilikwisha kwa hesabu ya sharia, lakini mbele ya barua hiyo eda haina kikomo: kila nifunguapo sanduku langu katika Posta ya Tanga, naikuta imejilaza juu ya bili yangu ya maji, mithili ya mume aliyetangulia kitandani.

Tena ina adabu. Mimi katika miaka tisa ya ndoa nilimwita bwana yule kwa majina niliyoona yanamstahili, na mengi si ya kuandikwa. Barua humwita Ndugu, ikataja jina lake, la babaye na la babuye, kwa herufi kubwa zisizokosewa hata moja. Na subira yake! Siku moja bahasha ilikuja na muhuri mwekundu usemao UKUMBUSHO WA MWISHO. Baada ya mwisho huo ukaja mwisho mwingine, nami hata leo nimekwisha kuhesabu miisho saba. Ningalikuwa na nusu ya stahamala hiyo, pengine ningalikuwa mke wake bado.

Wanaoiona barua ya deni kuwa ni karaha wasahau kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya Baqara, si ya vita wala ya mirathi, bali ni ya deni, na yaamrisha deni liandikwe. Mwia wa mtalaka wangu ameitii amri hiyo kwa bidii iliyopita kiasi.

Kwa baraka zake nimepata elimu. Kwa hofu ya muhuri ule mwekundu nilikwenda kuuliza, nikafahamishwa kwamba asiyetia saini ya kukopa wala ya udhamini hadaiwi kwa sababu tu aliwahi kulala nyumba moja na mkopaji. Kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huyatazama madeni wakati wa kugawana mali, lakini ni yale yaliyokopwa kwa manufaa ya wote wawili. Na kwamba deni la mkataba lina miaka 6 ya kupelekwa mahakamani. Basi sikulipa senti, wala sikutia saini popote.

Sikuifungua hata moja, maana barua ya mtu ni amana. Lakini mwezi wa Mei moja ilikuwa imekunjwa ovyo, karatasi ikateleza nyuma ya kile kidirisha cha bahasha, ikanionyesha mstari mmoja tu: tarehe ya mkopo. Nilihesabu kwa vidole nikiwa nimesimama pale pale barazani pa Posta. Ilikuwa siku kumi na moja kabla ya harusi yake ya pili. Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga; hawakutuambia kwamba harusi yaweza kuwa ya bi mdogo na matanga yakapelekwa kwa bi mkubwa.

Tangu hapo huandika juu ya bahasha, "Hayupo kwa anwani hii, irudishwe kwa mpelekaji," nikampa karani.

"Shikamoo, mama. Bwana kaandikiwa tena?"

"Marahaba, mwanangu. Bwana wa watu huyo. Irudishe."

Huirudisha, nayo baada ya mwezi huwa imekwisha kurudi.

Juzi nilipokuwa nikilipa kodi ya mwaka ya sanduku, ilinipitikia kwamba tulilikodi pamoja, na kwamba kwa miaka minne barua zake zimekuwa zikikaa humo bure kwa fedha yangu. Kwa hiyo mimi nami ni mwia wake. Nikaketi jioni nikamwandikia dai la nusu ya kodi, kwa adabu ile ile niliyofundishwa, Ndugu fulani bin fulani, nikalitia katika bahasha. Na ilipofika zamu ya anwani nikagundua kwamba sina yake nyingine niijuayo ila sanduku hilo hilo.

Nimeipeleka. Naitarajia Jumatatu.