Muziki Mnene, Buti Wazi: Mwongozo kwa Mwenye IST

Buti la gari si mali ya mwenye gari. Kadi inaweza kuwa na jina lako, bima umelipa wewe na mafuta unaweka wewe, lakini buti ni la ukoo. Ndilo linalobeba gunia la mchele wa Kyela la baba mdogo, tenga la machungwa ya Muheza ambayo hukuyanunua, masufuria ya kuazima ya shughuli ya jirani, na Desemba ikifika, ukiwa unaelekea Moshi, mabegi ya mashemeji watatu walioona nauli ya basi mwaka huu imezidi. Mtu akiziba buti kwa boksi la spika, ajue kikao kitakaa bila yeye.

Kwa hiyo anayetaka muziki wa maana ndani ya gari ana njia mbili. Ya kwanza ni kuhama ukoo. Ya pili ndiyo tunayoieleza hapa.

Tuchukue Toyota IST, kwa sababu kwenye foleni ya Ubungo iko mbele yako, nyuma yako na ubavuni. Wenye Passo, Vitz na Raum wafuate humu humu. Mwenye Land Cruiser asome kwa kujiburudisha tu. Buti lake angeweza kulipangisha.

Ukifika Gerezani, kwa mafundi wa magari, na kutamka neno "muziki", utazungukwa. Fundi atafungua buti kabla hajakuuliza unasikiliza nini. "Bosi, hapa tunakupigia inchi 12 mbili, boksi la MDF, tunalivika kapeti, na taa za bluu." Taa za bluu hazina kazi yoyote katika sauti, ila ndizo zinazouza boksi. Muulize mizigo utaweka wapi. Atakujibu kwa utulivu kabisa: "Siti ya nyuma, bosi." Ukiendelea kuuliza abiria wa siti ya nyuma watakaa wapi, ataona bado hujaiva.

Usimlaumu. Wateja wake wengi hawanunui muziki wa kusikiliza, wananunua muziki wa kusikika. Wanataka kibao cha namba kitetemeke, alamu za magari ya watu zilie, na mama ntilie wa kona ajue nani kapita. Kama shida yako ni hiyo, ishia hapa, kachukue inchi 12 zako, na mashemeji wakatie tiketi. Anayebaki ni yule anayetaka kusikia gitaa la besi la dansi la zamani likipita vizuri wakati amekwama Mwenge, naye akifika nyumbani ashushe gunia kutoka mahali panapostahili gunia.

Tuanze na redio, tusikae sana. Gari lililotoka Japani lina redio ya Kijapani, na FM ya kwao ilipangwa kuanzia 76 hadi 90, miaka ya karibuni ikasogezwa hadi 95. Yetu inafika 108. Ndiyo maana umefungiwa kile kidude cha kushusha masafa, na abiria akikuuliza "hii ni stesheni gani?" unamtajia namba ambayo haipo Tanzania. Ukitaka kubadilisha redio, pima kwanza uwazi wa dashibodi: redio za Toyota za Kijapani zina uso wa milimita 200, wakati redio nyingi za dukani zina 178 hadi 180. Bila vile vipande vya pembeni utaendesha ukiwa na nyufa mbili zinazomeza sarafu. Na usitumaini kwamba redio mpya itamnyamazisha yule dada wa Kijapani anayezungumza kila ukiwasha gari. Yeye hakai kwenye redio, ana kifaa chake cha kulipia barabara za kwao, na anachosema ni kwamba hujaweka kadi. Amekuwa akikukumbusha kwa adabu tangu gari litue bandarini.

Redio mpya itakuja na maandishi makubwa: 50W x 4. Hapo kuna utani wa kimataifa. Injini ikiwa inawaka, gari linatoa takribani volti 14.4. Redio isiyo na kifaa cha kupandisha volti, ikisukuma spika ya kawaida ya omu 4, haiwezi kutoa sauti safi inayozidi wati 26 hivi kwa kila spika, hata ukiiombea. Hizo 50 ni sauti iliyokwisha kupasuka. Hesabu hiyo hiyo ipeleke kwa amplifaya za madukani zilizoandikwa wati 5,000. Geuza kiboksi, tazama fyuzi. Ukikuta amperi 20, zidisha kwa 14: unapata wati 280 zinazoingia, na sehemu yake inaishia kwenye joto. Zile nyingine elfu nne na mia saba wamekupa kama salamu.

Sasa tufike mlangoni, maana muziki wa gari unaishi mlangoni na hakuna anayetaka kusikia habari hiyo. Mlango hauna taa za bluu. Huwezi kumwita rafiki aje umfungulie mlango umwonyeshe.

Spika ya kiwandani ni karatasi na sumaku ndogo, ndiyo. Lakini kabla ya kuitukana, fikiria ilikofungwa. Mlango ni bati la nje, bati la ndani lenye matundu, na katikati uwazi. Spika ikisukuma hewa mbele, inavuta hewa nyuma kwa wakati huo huo. Hewa ya nyuma ikipata tundu la kutokea, inakutana na ya mbele, zinafutana, na kinachofutika kwanza ni besi. Ndiyo maana mtu anaweza kununua spika ya bei mbaya, akaifunga kwenye mlango ule ule wenye matundu, akapata besi ile ile ya kikohozi. Kisha anarudi Gerezani kuomba inchi 12.

Dawa yake ni shuka la mpira wa butili lenye karatasi ya alumini juu. Bandika vipande kwenye bati la nje ukilipitia kwa ndani, ili lisiendelee kulia kama debe, kisha ziba matundu makubwa ya bati la ndani. Fundi atakuletea mbadala wa bei nafuu, ile teipu ya lami ya kuzibia paa. Mwambie asante. Mlango wa gari lililoanikwa juani Dar es Salaam mwezi Februari si mahali pa kuweka lami; itateremka taratibu hadi kwenye mashine ya kioo, na gari litanuka barabara mpya. Utajulikana kwa harufu kabla ya muziki.

Fungua kava la mlango kwa upole, maana zile klipu za plastiki zimezeeka kuliko leseni yako. Nyuma yake utakuta nailoni iliyogandishwa kwa ulimbo mweusi. Fundi mwenye haraka huichana na kuitupa. Ile nailoni ndiyo inayozuia maji yanayoshuka pembeni mwa kioo yasiingie ndani, na masika ya kwanza yatakufahamisha hivyo kupitia kapeti. Ama uirudishe, ama uhakikishe shuka la butili limeziba kila ilipokuwa ikiziba yenyewe. Lakini vile vitundu vya chini kabisa ya mlango usiviguse. Ni vya kutolea maji. Kuna watu wameviziba kwa bidii ya usafi, sasa wakipiga kona mlango unasikika kama dumu.

Spika yenyewe, nafasi ya milango ya mbele ya Toyota nyingi za namna hii ni ya inchi sita na nusu, ile inayouzwa kwa jina la sentimita 16. Weka pete ya plastiki ngumu au mbao ya baharini, si MDF, kwa sababu MDF ikinywa maji inavimba kama andazi. Kabla ya kukaza skrubu ya mwisho, shusha kioo hadi chini kabisa. Hiki ni kipimo cha dakika moja, nacho ndicho kinachorukwa kuliko vyote, halafu kioo kinakutana na sumaku katikati ya foleni jua likiwa utosini. Twita ziweke kwenye pembe za vioo vya pembeni. Spika za milango ya nyuma ziache zilivyo, watoto hawajali.

Inabaki besi ya chini kabisa, ile ambayo mlango hauiwezi. Hapa ndipo fundi atakaporudi na habari ya boksi, nawe umjibu kwa fizikia. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. IST nzima, bampa hadi bampa, haifiki mita 4. Wimbi haliingii garini, kwa hiyo spika inachofanya ni kuongeza na kupunguza msukumo wa hewa ndani ya kichumba kilichofungwa, na kichumba kikiwa kidogo kazi inakuwa nyepesi. Inchi 8 bapa, yenye amplifaya yake humo humo, inatosha chini ya siti. Na kwa kuwa sikio haliwezi kubaini mahali inapotoka sauti nzito namna hiyo, hakuna atakayejua iko wapi.

Isipokuwa mama mkwe. Pima uwazi wa chini ya siti wakati siti imeshushwa na kurudishwa nyuma hadi mwisho, halafu mketishe nyuma mtu mwenye kuheshimiwa, avae viatu vyake vya harusini. Kama atasema, "Mwanangu, hapa chini kuna nini?" bado haijakaa sawa. Zile plagi za njano chini ya siti ni za mifuko ya hewa na mikanda: usizichomoe kupitisha waya, wala usimruhusu fundi azipime kwa taa.

Waya wa umeme utoke kwenye betri, na fyuzi ikae ndani ya nusu mita kutoka hapo. Fyuzi hailindi spika, inalinda gari lisiungue. Kwaruza ncha ya waya kwa kisu kabla ya kulipa: ukiona ndani ni nyeupe, hiyo ni alumini iliyopakwa kopa, nayo haipitishi umeme kama kopa yenyewe. Palipo na tundu la bati pitisha kwa raba, maana bati litaukata waya polepole huku wewe ukiimba. Waya za sauti zipite upande mwingine wa gari, la sivyo utasikia injini ikiimba nawe.

Kupanga sauti: milango ianze hezi 80 kwenda juu, besi ibaki 80 kwenda chini. Kitufe cha geini si cha sauti. Kipandishe mpaka besi ionekane inatoka kwenye dashibodi, si kiunoni mwako, kisha kiache. Kuna swichi ndogo ya sifuri na 180 ambayo fundi atakwambia ni ya mapambo. Ijaribu pande zote mbili, ubaki na upande wenye besi nyingi zaidi.

Mwisho weka wimbo wenye besi nzito, ongeza sauti, zima injini, usikilize kinachogonga. Mtungi wa kuzimia moto ulionunuliwa kwa ajili ya trafiki. Sarafu za mlangoni. Kibao cha namba, kiwekee sponji nyuma. Kama bado kuna kitu kinanguruma huko nyuma, fungua buti, ambalo ni jeupe na pana kama ulivyoliacha, nyanyua sakafu yake utazame nati ya katikati ya tairi la spea. Haijakazwa tangu Yokohama.