Takrima na Tasbihi

Msimu wa kura ukikaribia, Pongwe hupata waumini wapya. Mheshimiwa aliyepotea miaka mitano huonekana Ijumaa safu ya mbele, kanzu imenyooshwa hadi inang'aa. Jumapili yuko kanisani, anapiga makofi kwa pambio asilolijua. Jukwaani anakemea nguo fupi na vijana waliokosa maadili. Akishuka, gari la nyuma linashusha khanga na sukari.

Msiite rushwa, jamani. Ina jina la heshima: takrima. Mwaka 2000 Bunge liliiruhusu kisheria, tukaambiwa ni ukarimu wa jadi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta. Ikabidi majaji watukumbushe jambo ambalo Kurani na Biblia zilishalikataza karne nyingi kabla ya Bunge kuzaliwa.

Ukarimu wa mwambao twaujua: mgeni hupewa kahawa na kashata, wala hadaiwi kura.

Basi mheshimiwa, karibu Pongwe. Ila sisi ni majirani wa kiwanda cha saruji. Twajua kanzu nyeupe haifichi vumbi. Jikung'ute kwanza, ndipo utuhubirie.