Barabara Pande Mbili

Kwetu Kibosho mtoto wa kwanza wa kiume hupewa kihamba, yaani shamba la ukoo, wa mwisho hubaki na nyumba ya baba, na sisi wa katikati hupewa ushauri. Mimi nilibahatika: juu ya ushauri niliongezewa kona. Ilikuwa pembe ya kihamba ambayo baba alishaikatia tamaa, maana barabara mbili zinakutana pale, na kila mpita njia aliyechoka alikatiza ndani ya migomba badala ya kuzunguka. Baba aliniita, akanyoosha fimbo, akasema, "Jenga hapo, uwazuie." Nikajenga. Sijawahi kuzuia hata mbuzi.

Sasa goti la kushoto limekataa kupanda mlima, na mama watoto kachoka na baridi ya Julai. Tumekubaliana tuuze, tuteremke mjini, Pasua au Majengo huko, tukaote jua kama watu wengine. Nikamwita dalali. Alipofika tu alishika kifua kwa furaha.

"Mzee, hii ni kona! Una barabara pande mbili!"

Nikamwambia najua, vumbi la pande zote mbili nalila tangu mwaka 1998. Hakunisikia. Alishaanza kuandika kwenye simu: nyumba ya kona, barabara pande mbili, maji ya uhakika, mandhari ya Kibo. Akaweka bei yangu, akaweka na cha juu chake, na nilipouliza hicho cha juu kimetoka wapi akanyoosha kidole mlimani. Nadhani alitoza kwa mita, na kilele cha Kibo kina mita 5,895.

Hayo maji ya uhakika ni mfongo. Wazee wetu walichimba mifongo kuteremsha maji kutoka mitoni hadi vihambani, wakaweka na zamu, na huu mmoja unapita nyuma ya choo changu. Kiangazi, zamu yangu ikifika, maji yameshaishia kwa watu wa juu wenye zamu ndefu kuliko siku. Masika hakuna zamu. Yanaingia sebuleni bila kupiga hodi. Na hiyo mandhari ya Kibo ipo kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi. Baada ya hapo mlima unauamini tu, kama unavyoamini mbingu.

Mnunuzi wa kwanza alikuja Desemba, ule msimu Wachagga wote wa Dar wanaporudi kuhesabiwa. Kijana mtanashati, ana futi ya kupimia mfukoni. Hakuingia ndani. Alikwenda kusimama katikati ya barabara, akaanza kupima kuja kwangu. Nikadhani anapima ua. Akanieleza kwa upole kwamba tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati.

"Lakini hizi ni za kijiji, mwanangu."

"Leo, mzee. Lami inakuja."

Lami inakuja! Tangu nikiwa na nywele inakuja. Basi tukapiga hesabu, kirafiki kabisa, kana kwamba barabara zote mbili zimeshapandishwa cheo. Nyumba ya mtu wa kawaida huchorwa X moja ya kubomolewa. Yangu ingepata mbili, kila ukuta na yake. Eneo langu ni mita 25 kwa 40. Tulipotoa hifadhi ya upande huu na ya upande ule, tukakuta serikali bado inanidai mita mbili.

Wa pili alikuwa mtu mzima wa Old Moshi, fedha anayo, hana futi. Nikafurahi mapema. Ikabidi kiitwe kikao cha ukoo, pombe ya mbege juu yangu, mbuzi juu yangu. Baba mdogo akiwa mwenyekiti alipokea kata, akanywa, akafuta mdomo.

"Ni wa wapi huyu?"

"Old Moshi, baba."

Kata ikawekwa chini. "Watu wa Rindi?"

Kwa wasiojua: Mangi Sina, chifu wetu wa Kibosho, alikuwa hapatani na Mangi Rindi wa Moshi, na mwaka 1891 Wajerumani wakiongozwa na Wissmann walipopanda kuja kulibomoa boma la Sina, Rindi alikuwa upande wao. Mnunuzi wangu alijitetea kwamba yeye amepanda na Noah, tena peke yake. Baba mdogo akasema hata wale walipita hapa hapa penye kona. Sijui kajuaje. Lakini ningekuwa nimejenga kule ndani migombani, nani angenisingizia Wajerumani?

Habari ikasambaa, na wenye kona wakaanza kujitokeza. Vijana wa bodaboda, ambao kijiwe chao kiko chini ya mparachichi wangu, walituma ujumbe wa watu watatu kuuliza kama wanauzwa pamoja na nyumba au watahamishwa, na wakihamishwa, fidia ni kiasi gani. Mama muuza ndizi akanikumbusha kwamba baba yangu alimruhusu kwa mdomo. Kigango cha kanisa kikauliza juu ya kibao chake, kilichogongomewa kwenye mti wangu bila mimi kuulizwa. Shangazi akapiga simu kutoka Rombo analia: mgeni wa Kibosho ataelekezwaje tena, kama si kuambiwa ashuke pale kona kwetu? Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni mali ya umma, Rais ni mdhamini tu. Nilidhani ni maneno ya mawakili. Kumbe waliandika wakiwa wamesimama kwenye kona yangu.

Nikaamua kuachana na dalali. Nilichukua rangi ya bluu iliyobaki kwenye madirisha, nikaandika ukutani, herufi za kusomeka barabara zote mbili: NYUMBA HII INAUZWA. Kopo nikaliacha barazani, nikalala.

Asubuhi ukuta ulisomeka NYUMBA HII HAIUZWI. Dar watu huandika hivyo kuogopa matapeli. Mimi tapeli wangu ndiye aliyeandika, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Bodaboda wakaapa kwa mama zao kwamba si wao.

Jioni baba mdogo akaja kwa mkongojo, polepole, ameshika jani la isale. Mila inajulikana: mtu akikujia na isale, unasamehe. Huna pa kukwepa.

"Baba, nikusamehe nini?"

"We pokea kwanza, mwanangu."

Nikapokea. Ukucha wa kidole gumba chake ulikuwa wa bluu.